Vavilov: Aliyekusanya Mbegu za Dunia Akafa kwa Njaa

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hahitaji kuelezwa maana ya kupika data. Yanatakiwa madodoso hamsini, yamerudi thelathini, ripoti inakusanywa kesho saa nne, basi jamaa anajifungia chumbani hosteli na kalamu za rangi tatu tofauti, anajaza yaliyobaki mwenyewe. Tunacheka, maana tunajua ripoti ile itaenda kukaa kabatini na hakuna atakayelala njaa kwa sababu yake.

Sasa fikiria nchi ambayo data zilizopikwa zilikabidhiwa mashamba ya taifa zima, na aliyezipinga akakabidhiwa jela. Huyo aliyezipinga ni Nikolai Ivanovich Vavilov, Mrusi, mtaalamu wa mimea. Sisi tunaosoma ualimu wa Biolojia na Jiografia tunakutana na jina lake kwenye mstari mmoja tu, pale wanapotaja chimbuko la mazao, halafu slaidi inabadilishwa. Kiukweli mstari mmoja haumtoshi.

Vavilov alizaliwa Moscow tarehe 25 Novemba 1887. Baba yake alitoka kijijini, kwenye ukoo wa wakulima, akaja mjini kijana mdogo na akapanda kwenye biashara ya vitambaa mpaka akawa tajiri. Kama mzee yeyote mwenye duka, alitaka wanawe walirithi. Wote wawili wakakataa. Nikolai akaenda kwenye mimea, mdogo wake Sergey akaenda kwenye fizikia. Nikolai alikuwa na miaka minne hivi Urusi ilipokumbwa na njaa kubwa ya 1891 na 1892 iliyoua watu laki kadhaa, na kizazi chake chote kilikua kikisikia habari hizo. Alisoma chuo cha kilimo cha Petrovka, pale pale Moscow, na utafiti wake wa kumaliza chuo ulihusu wale konokono wasio na gamba wanaotafuna mazao shambani. Nalitaja hili kwa ajili ya wenzangu wanaolalamika kwamba mada zao za utafiti hazina mvuto.

Mwaka 1913 alikwenda Uingereza kusoma kwa William Bateson, mmoja wa watu waliokuwa mstari wa mbele kueneza kanuni za Mendel. Tukumbuke kanuni hizo zilikuwa zimefufuliwa mwaka 1900 tu baada ya kulala miaka thelathini na kitu. Jenetiki, yaani elimu ya urithi wa viumbe, ilikuwa changa kabisa. Vavilov alitoka huko na wazo moja ambalo hakuliacha mpaka kufa: kama tabia za mmea hurithiwa kwa kanuni zinazohesabika, basi mtaalamu anaweza kuchukua uvumilivu wa ukame kutoka mmea huu, ukinzani wa ugonjwa kutoka ule, na mavuno mazuri kutoka wa tatu, akaviunganisha kwenye mbegu moja. Lakini hizo tabia ziko wapi? Haziko maabara. Zimetawanyika kwenye mashamba ya wakulima wadogo duniani kote, hasa milimani, ambako watu wamepanda mbegu zao wenyewe kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kwenda kuzitafuta, kuzileta na kuandika kila moja imetoka wapi.

Safari yake kubwa ya kwanza ilikuwa mwaka 1916, vita kuu ikiendelea. Askari wa Kirusi waliokuwa Uajemi walikuwa wanakula mkate wa huko wanapata kizunguzungu kama walevi na kuumwa. Vavilov akatumwa kuchunguza, akakuta kwamba ngano ya eneo lile ilikuwa imechanganyika na mbegu za gugu lenye sumu, na nyingine ilikuwa na ukungu. Kazi hiyo ilipoisha hakurudi nyumbani. Akapanda milima ya Pamir, na huko akaona jambo ambalo mimi nalipenda kuliko mengine yote ya maisha yake.

Kuna nafaka inaitwa rai, ile ambayo Warusi wanatengenezea mkate mweusi. Chini mabondeni aliona ngano ndiyo zao, na rai ni gugu tu linaloota katikati ya ngano. Kadiri alivyopanda mlima, baridi ikizidi, rai iliongezeka na ngano ikapungua, mpaka kule juu kabisa mkulima alikuwa ameshakubali yaishe, anavuna rai na kuila. Hapo Vavilov akaelewa kwamba rai haikuanza kama zao. Ilianza kama gugu, likasafiri ndani ya mbegu za ngano mpaka likafika mahali ambako lenyewe ndilo linaloweza kuishi. Hakuna kifaa chochote kilichotumika kugundua hilo zaidi ya miguu, macho na daftari la kuandika urefu wa kila mahali kutoka usawa wa bahari.

Mwaka 1917 akawa profesa mjini Saratov, kwenye kingo za mto Volga. Mapinduzi yalikuwa yametokea, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, chakula hakuna, kuni hakuna, na wanafunzi wake wengi walikuwa wanawake. Aliwatoa darasani akawapeleka shambani, wakapanda na kuhesabu pamoja naye. Alikuwa mtu wa kulala saa nne au tano kwa usiku, na alitegemea wengine nao wawe hivyo. (Siishabikii tabia hiyo, tunao wahadhiri wa namna hiyo na tunajua inavyokuwa.) Mwaka 1920, kwenye mkutano wa wataalamu wa mbegu pale pale Saratov, alitoa kanuni aliyoipa jina la mfululizo wa mabadiliko yanayofanana. Kwa lugha nyepesi ni hivi: mimea iliyo ndugu hubadilika kwa namna zinazofanana. Ukikuta ngano ya aina moja ina umbo lenye ndevu na umbo lisilo na ndevu, tegemea kwamba na ndugu zake wana maumbo yote mawili, hata kama moja bado halijaonekana. Unachora jedwali, unaona pengo, unakwenda kulitafuta. Waliokuwa ukumbini walimfananisha na Mendeleev wa lile jedwali la elementi tunaloning'iniza maabara za sekondari.

Mwaka uliofuata alihamia Petrograd, mji ulioitwa baadaye Leningrad na leo ni Saint Petersburg, kuongoza idara ya mimea ya kilimo. Baadhi ya wanafunzi wake wa Saratov walimfuata. Wakati huohuo bonde la Volga walilotoka lilikuwa linakufa. Njaa ya 1921 na 1922 inakadiriwa kuua watu milioni tano. Idara ile ndogo ikakua mpaka ikawa taasisi ya taifa zima yenye vituo vya majaribio kila kona ya Umoja wa Kisovieti.

Hapa kuna jambo ambalo wasimulizi wengi wa Vavilov wanalipita haraka kwa sababu halina milima wala farasi. Kuanzia mwaka 1923 taasisi yake ilichukua seti ileile ya mbegu, aina zilezile kwa namba zilezile, ikazipanda kwenye vituo zaidi ya mia moja, kuanzia karibu na ncha ya kaskazini mpaka majangwa ya kusini. Kila kituo kiliandika mmea umeota lini, umetoa maua baada ya siku ngapi, umefika urefu gani, nafaka yake ina protini kiasi gani. Mbegu ni ileile, kinachobadilika ni mahali. Kwa njia hiyo ukiona tofauti unajua ipi inatokana na urithi na ipi inatokana na udongo, mwanga na hali ya hewa. Siku hizi majaribio ya mbegu kwenye kanda mbalimbali ni jambo la kawaida, hata hapa kwetu aina mpya ya mahindi haipitishwi kwa shamba moja la mtu mmoja. Lakini kwa wakati ule, kwa ukubwa ule, ilikuwa kazi ya pekee. Naomba msomaji aishike hii habari ya vituo mia moja, tutairudia.

Safari zikaendelea. Afghanistan mwaka 1924. Nchi za Mediterania mwaka 1926 na 1927. China ya magharibi, Japani na Korea mwaka 1929. Mexico na Amerika ya Kati, kisha Amerika ya Kusini. Katikati ya hizo kuna ile inayotugusa sisi zaidi. Mwishoni mwa 1926 Vavilov alifika Uhabeshi, Ethiopia ya leo, akapanda treni kutoka Djibouti mpaka Addis Ababa. Alipokelewa na Ras Tafari, ambaye miaka michache baadaye alitawazwa kuwa mfalme Haile Selassie, akapata kibali na akaingia bara na msafara wa nyumbu.

Alichokikuta kilimshangaza. Shamba moja la ngano la mkulima mmoja lilikuwa na maumbo mengi ya ngano yamechanganyika: ndefu, fupi, zenye ndevu nyeusi, zenye nafaka ya rangi ya zambarau. Shayiri vilevile. Kulikuwa na teff, ile nafaka ndogo ya kutengenezea injera, ambayo ni ya Ethiopia hasa, kulikuwa na kahawa, na kulikuwa na mtama na ulezi tunaoufahamu vizuri. Wataalamu wa kigeni wa zama zile wangeweza kusema mkulima huyu hajui kuchagua mbegu. Mimi naona kinyume. Mvua ikichelewa, hii itakufa na ile itabaki. Ugonjwa ukija, utakuta zile hauziwezi. Bibi anayehifadhi magunzi ya mahindi juu ya moshi wa jiko na mbegu za mtama kwenye kibuyu chenye majivu, za rangi tatu tofauti, anafanya hesabu hiyohiyo bila kuiandika popote. Vavilov alikuja kuiandika. Na katika milima hiyo ya Ethiopia alipata ngano ngumu isiyo na ndevu, umbo ambalo jedwali lake lilikuwa limeshasema lazima liwepo mahali fulani.

Kutokana na safari hizi alieleza kwamba mazao ya dunia yana maeneo machache ya chimbuko, na kwamba unayatambua kwa kuangalia ni wapi zao lina maumbo mengi zaidi. Kitabu chake kuhusu hilo kilitoka mwaka 1926, akawa anaongeza na kurekebisha kila aliporudi safari. Hakuwa sahihi kila mahali. Leo inajulikana kwamba ngano ilianza kulimwa Mashariki ya Kati na ikafika Ethiopia baadaye. Maumbo yale mengi ni matunda ya maelfu ya miaka ya kilimo cha milimani, si ushahidi kwamba ilizaliwa pale. Lakini aliacha sampuli na kumbukumbu za kila mahali alipopita, kwa hiyo waliomsahihisha waliweza kumsahihisha.

Kufikia mwaka 1940 hazina ya mbegu pale Leningrad ilikuwa na sampuli zaidi ya laki mbili, na hakukuwa na nyingine kama hiyo duniani. Usidhani ni stoo ya magunia. Mbegu ni kitu hai na inazeeka. Kila baada ya miaka michache sampuli lazima itolewe, ipandwe, ivunwe bila kuchanganyika na jirani, ikaushwe, irudishwe kwenye kopo lake na namba yake. Laki mbili! Na namba ikipotea, kilichobaki kwenye kopo ni chakula tu.

Tatizo ni kwamba kazi hii inataka muda, na serikali ya Stalin haikuwa na muda. Mashamba ya wakulima yalikuwa yameunganishwa kwa nguvu kuwa mashamba ya pamoja, uzalishaji ukaanguka, nafaka ikachukuliwa, na njaa ya 1932 na 1933 ikaua mamilioni, hasa Ukraine na Kazakhstan. Wakubwa walitaka mbegu mpya mara moja. Amri ya mwaka 1931 ilidai aina bora zipatikane kwa miaka minne au mitano badala ya kumi au kumi na miwili. Vavilov na wenzake walisema ukweli, kwamba mmea una msimu wake na hauharakishwi kwa amri. Akatokea mtu aliyesema yeye atafanya kwa miaka miwili na nusu.

Mtu huyo ni Trofim Lysenko, mtoto wa wakulima wa Ukraine, aliyezaliwa 1898. Urusi wana ngano ya kupandwa kabla ya majira ya baridi, ambayo hulala chini ya theluji, na ngano ya kupandwa baridi ikishapita. Ile ya kwanza huzaa zaidi, ila baridi ikiwa kali inakufa yote. Lysenko alisema mbegu hiyo ikilowekwa na kuwekwa kwenye baridi kwanza, inaweza kupandwa baada ya majira ya baridi na ikazaa vizuri. Kwamba baridi huathiri mbegu namna hiyo ni kweli, na wanasayansi walishalijua kabla yake. Swali lilikuwa: je, mavuno yanaongezeka kiasi cha kumfaa mkulima? Ushahidi wake wa kwanza ulikuwa nusu hekta ya baba yake kwa msimu mmoja. Weka nusu hekta hiyo kando ya vile vituo mia moja.

Baada ya hapo ndipo yakaja madodoso. Lysenko aliyatuma kwenye mashamba ya pamoja, meneja ajaze mwenyewe: umepanda kiasi gani kwa njia mpya, mavuno yameongezeka kiasi gani. Hebu jiweke kwenye kiti cha meneja yule. Ukiandika hayakuongezeka, unaonekana umehujumu mpango wa serikali, na aliyehujumu alikuwa anapotea. Utaandika nini? Madodoso yakarudi yamejaa neema, yakajumlishwa, yakachapishwa magazetini. Hapakuwa na shamba la kulinganishia la maana, wala hesabu ya kupima kama tofauti ni ya kweli au ni bahati. Kilimo cha njia ile kikapanuliwa kwa mamilioni ya hekta, huku wakulima wakigeuza mbegu zilizolowa kwa mikono ghalani, nyingine zikioza.

Na tusimpambe Vavilov. Mwanzoni yeye mwenyewe alimbeba Lysenko. Alimsifu hadharani, akamwona kijana wa wakulima mwenye jambo la kweli mkononi, akamsaidia kupanda vyeo. Kufikia anaona hatari, jamaa alikuwa ameshakuwa mkubwa. Mwaka 1935 kwenye mkutano wa Kremlin Lysenko alisema kwamba hata kwenye sayansi wamo maadui wa wananchi, na Stalin aliyekuwa ukumbini akampongeza kwa sauti na makofi. Mwaka huohuo Vavilov akaondolewa urais wa Akademia ya Sayansi za Kilimo. Mwaka 1938 kiti hicho akakalia Lysenko. Kwa lugha nyingine, Vavilov mkurugenzi wa taasisi sasa alikuwa anaripoti kwa mtu asiyeamini kama jeni zipo.

Wengi walinyamaza. Vavilov alianza taratibu, lakini miaka ile ya mwisho aliacha kupatanisha maneno. Alisimama kwenye mikutano akasema jenetiki ni kweli na kwamba hataikana, huku wenzake wakikamatwa mmoja mmoja. Mwaka 1939 wataalamu wa dunia walimchagua rais wa kongamano la jenetiki la Edinburgh. Serikali haikumruhusu kusafiri. Mwaka 1940 mwanahisabati Andrei Kolmogorov alichukua data za mfuasi mmoja wa Lysenko, zilizokusanywa kwa nia ya kuivunja kanuni ya Mendel, akazipigia hesabu za uwezekano na kuonyesha kwamba zinakubaliana vizuri kabisa na ule uwiano wa tatu kwa moja tuliokariri kidato cha nne. Jibu la Lysenko lilikuwa kwamba biolojia haihitaji hisabati.

Tarehe 6 Agosti 1940 Vavilov alikuwa magharibi mwa Ukraine, karibu na mji wa Chernivtsi, anakusanya mimea. Likaja gari jeusi na watu waliosema anaitwa haraka Moscow. Alipoondoka, wenzake walifungua mfuko wake wa siku ile wakakuta mashuke ya ngano ya kizamani sana ambayo hakuna aliyetarajia kuikuta eneo lile. Hiyo ilikuwa sampuli yake ya mwisho.

Alihojiwa mara 400 hivi, saa zipatazo 1,700 kwa jumla, mpaka miguu ikavimba kwa kusimamishwa. Tarehe 9 Julai 1941 alihukumiwa kifo kwa ujasusi na kuhujumu kilimo. Yaani mtu aliyekuwa anahangaika na mavuno alishtakiwa kwa kuyaharibu. Wajerumani walipokaribia Moscow wafungwa wakahamishwa, na yeye akapelekwa Saratov, mji uleule alioanzia uprofesa. Kule gerezani alitoa mihadhara kwa wafungwa wenzake kuhusu mimea na historia ya kilimo. Kabla ya hapo, Moscow, alikuwa ameandika mahabusu kitabu kizima juu ya historia ya kilimo duniani, na muswada wake ulipotea. Mwaka 1942 adhabu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Mwaka huohuo chama cha wanasayansi cha Uingereza, Royal Society, kilimchagua kuwa mwanachama wa kigeni, na yeye hakujua.

Mkewe, Elena Barulina, naye mtaalamu wa mimea, alikuwa amekimbilia Saratov na mtoto wao Yuri, kwa sababu ndiko kwao. Aliamini mumewe yuko Moscow. Kila alipopata chochote cha kula alifunga kifurushi akakituma Moscow, wakati mumewe alikuwa gereza la mjini hapo hapo, umbali wa kutembea kwa miguu, anakufa kwa utapiamlo. Vavilov alifariki tarehe 26 Januari 1943, akiwa na miaka 55. Alizikwa kwenye kaburi la wengi na mahali penyewe hapajulikani.

Kule Leningrad taasisi yake ilikuwa ndani ya mji uliozingirwa na jeshi la Wajerumani tangu Septemba 1941. Mzingiro ulidumu hadi Januari 1944. Majira ya baridi ya kwanza, raia asiye mfanyakazi wa kiwandani alipewa gramu 125 za mkate kwa siku, vipande viwili vitatu vyembamba. Wafanyakazi wa taasisi walikuwa wamekaa katikati ya tani za ngano, mpunga, mahindi, karanga na kunde. Walilinda kwa zamu, dhidi ya panya na dhidi ya watu. Viazi mviringo vya Amerika ya Kusini vilivyookolewa mashambani chini ya mizinga, waliviwekea moto usiku kucha visigande, wakichoma chochote kilichopatikana. Na wakaanza kufa. Alexander Shchukin, mtunza karanga, alifia mezani kwake. Dmitri Ivanov, mtunza mpunga, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na maelfu ya pakiti za mpunga. Lidia Rodina, mtunza oti, naye hivyohivyo. Mkurugenzi wao alishakamatwa na jina lake lilikuwa hatari kulitaja. Hakuna ambaye angewauliza.

Nimewahi kubishana na mwenzangu wa chumba kuhusu hawa watu. Yeye anasema ni wendawazimu, mbegu ni kwa ajili ya mtu na si mtu kwa ajili ya mbegu. Sina jibu la kumnyamazisha. Ninachojua ni kwamba baada ya vita aina nyingi za mazao za Kisovieti zilizalishwa kutokana na hazina ile, na kwamba mawazo ya Vavilov ndiyo yaliyofungua njia kwa benki za mbegu zilizopo leo, ikiwemo ya Kenya pale Muguga. Na shayiri za Ethiopia, zile zilizochanganyika shambani, miaka ya baadaye ndizo zilizowapa wataalamu wa Marekani jeni ya kupambana na ugonjwa wa virusi wa kudumaza shayiri uliokuwa unasumbua mashamba ya California.

Mahakama ilimsafisha Vavilov mwaka 1955, na taasisi ikapewa jina lake miaka ya sitini. Mdogo wake Sergey, yule wa fizikia, alifanywa rais wa Akademia ya Sayansi mwaka 1945, chini ya Stalin yuleyule.

Lysenko hakufungwa. Mwaka 1940 alikuwa ameshachukua na kiti cha Vavilov kwenye taasisi ya jenetiki ya Moscow, na Agosti 1948 alifanikiwa kupigisha jenetiki marufuku nchi nzima. Wahadhiri wakafukuzwa, mitaala ikabadilishwa, vitabu vyenye Mendel vikaondolewa. Aliondolewa kwenye taasisi ile mwaka 1965 tu. Ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyeingia shule mwaka wa marufuku alimaliza sekondari, akasoma ualimu na akaanza kufundisha biolojia bila kukutana na jeni kwenye mtihani wowote. Vitabu vipya vilipotoka, ilibidi walimu wa namna hiyo wakae kwanza madarasani kama wanafunzi, wafundishwe uwiano wa tatu kwa moja, ndipo warudi kusimama mbele ya ubao.